Kioo Cheusi Si Kifo cha Kompyuta

NYUMBA NA VYOMBO VYAKE

Kompyuta mpakato imekwisha kuwa chombo cha nyumbani kama redio, cherehani na pasi. Katika nyumba za askari na polisi hali ni hiyo hiyo: mchana karani wa kituo huitumia kuandika ripoti, jioni watoto huifanyia kazi za shule, usiku mama wa nyumba huweka humo hesabu za chama cha akiba, na Jumamosi huunganishwa na televisheni ili jamaa na majirani watazame mpira pamoja. Chombo kimoja kinapowatumikia watu wengi namna hiyo, kasoro yake huwa ni msiba wa nyumba nzima wala si wa mtu mmoja.

Zipo kasoro mbili zinazowatia watu hofu kuliko nyingine. Ya kwanza ni hii: kompyuta hufungwa kifuniko ili ilale, na inapofunguliwa baadaye taa yake ndogo inawaka, feni inavuma, lakini kioo ni cheusi kama usiku wa mvua. Ya pili ni kwamba waya wa televisheni au wa projekta huchomekwa mahali pake sawasawa, na hata hivyo kioo cha nje huandika kwamba hakuna ishara. Mwenye chombo, akiwa na fadhaa, hukata shauri papo hapo kwamba kioo kimekufa. Hubonyeza kitufe cha umeme kwa nguvu, na kazi aliyokuwa hajaihifadhi hupotea. Kisha huipeleka kompyuta kwa fundi, kioo kizima huondolewa na kingine hununuliwa kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo, na kasoro hubaki pale pale.

Hasara hiyo yaweza kuepukwa. Aghalabu katika kasoro hizi mbili kioo ni kizima, waya ni mzima, na kazi iliyokuwa imeandikwa ingali imo ndani ya chombo ikingoja kuokolewa. Kilichopotea njia ni programu moja isiyoonekana, nayo huitwa draiva ya picha.

MKALIMANI WA NDANI

Ndani ya kila kompyuta imo chipu ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila herufi na kila rangi inayoonekana kwenye kioo. Chipu hiyo ina lugha yake, na mfumo mkuu wa kompyuta, uwe Windows au Linux, una lugha nyingine. Draiva ndiyo mkalimani kati ya pande hizo mbili. Mkalimani akiwa stadi, hakuna anayekumbuka kwamba yupo. Akikosea, mkuu hutoa amri moja na askari hutekeleza nyingine.

Mambo yalizidi kuwa magumu pale watengenezaji walipoanza kuweka chipu mbili za picha katika kompyuta moja. Kompyuta nyingi zina chipu ndogo ya Intel au AMD, ambayo hutumia umeme kidogo na hutosha kwa barua na hesabu. Baadhi huongezewa chipu kubwa ya NVIDIA, yenye nguvu kwa michezo, filamu na michoro ya uhandisi. Mwaka wa 2010 kampuni ya NVIDIA ilileta utaratibu uitwao Optimus, ambao huamsha chipu kubwa wakati wa kazi nzito na kuizima kazi inapopungua. Nia ilikuwa njema, yaani kuhifadhi betri. Lakini tangu hapo kuna wakalimani wawili wanaopaswa kupokezana zamu bila kugongana, na hasa hugongana katika nyakati mbili: kompyuta inapolala au kuamka, na kioo cha nje kinapounganishwa.

LINDO LA USIKU

Ili kuelewa kwa nini kompyuta hushindwa kuamka, yafaa kujua hufanya nini inapolala. Kanuni za usingizi wa kompyuta ziliandikwa mnamo Desemba 1996 na makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba, zikaitwa ACPI. Katika usingizi wa kawaida wa kanuni hizo, ubongo wa kompyuta husimama, diski husimama, na chipu ya picha hukatiwa umeme. Kinachobaki kupata umeme kidogo ni kumbukumbu kuu tu, ile inayoshika kazi zote zilizokuwa wazi. Ni kama kambi usiku wa manane: wote wamelala, na mlinzi mmoja yu macho langoni, akikumbuka kila mtu amelala wapi na silaha yake iko wapi.

Chipu kubwa ya picha ina kumbukumbu yake yenyewe, na umeme ukikatwa kumbukumbu hiyo hufutika. Kwa hiyo kabla ya usingizi draiva hupaswa kuhamisha vilivyomo na kuviweka mahali salama, na asubuhi kuvirudisha kimoja kimoja. Draiva yenye kasoro husahau baadhi, au huanza kuvirudisha kabla chipu haijaamka vizuri. Matokeo yake ni kioo cheusi, au picha zilizochanika na herufi zilizogeuka vumbi la rangi. Sehemu nyingine zote za kompyuta zimekwisha kuamka na zinasubiri amri, ila yule aliyepaswa kuonyesha hali hiyo hajarudi kazini.

Tena, ikumbukwe kwamba usingizi si hifadhi. Betri ikiisha kompyuta ikiwa imelala hivyo, mlinzi naye huanguka, na kila kilichokuwa hakijahifadhiwa hupotea. Katika nyumba ambamo umeme hukatika mara kwa mara, hilo si jambo la kubahatisha.

KABLA YA KUBONYEZA KITUFE CHA UMEME

Inapotokea kwamba kompyuta imefunguliwa na kioo ni cheusi, jambo la kwanza ni kutulia. Kitufe cha umeme kiachwe kabisa mpaka majaribio yafuatayo yafanyike kwa utaratibu wake, maana hayamalizi dakika tano.

Kwanza, mwenye kompyuta abonyeze kitufe cha Caps Lock na kutazama taa yake. Taa ikiwaka na kuzimika kila anapobonyeza, ubongo wa kompyuta u macho, na kilichopotea ni picha tu. Taa isipobadilika hata kidogo, huenda mfumo wote umeganda. Kwa kompyuta zisizo na taa hiyo, kitufe cha kuongeza sauti chaweza kusikilizwa badala yake.

Pili, achukue tochi, azime taa ya chumba, na kumulika kioo kwa mshazari huku akikitazama kwa karibu. Akiona kivuli hafifu cha maandishi, basi picha ipo na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo. Kwanza abonyeze vitufe vya kuongeza mwangaza, kwa sababu wakati mwingine kompyuta huamka mwangaza ukiwa umeshuka hadi sifuri. Ikishindikana, hapo fundi wa kioo ana kazi. Asipoona kivuli chochote, na taa ya Caps Lock inaitika, shaka kubwa iwe juu ya draiva.

Tatu, kwa wenye Windows 10 au 11, ipo amri maalumu ya kuamsha draiva ya picha peke yake bila kugusa kazi zilizo wazi. Hubonyezwa vitufe vinne kwa pamoja: kitufe chenye alama ya Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Kioo hupepesa, na mara nyingi husikika mlio mfupi. Watu wengi wamemiliki kompyuta kwa miaka bila kujua kwamba vitufe hivyo vina kazi hiyo, na ndivyo vinavyoweza kuokoa ripoti ya siku nzima.

Nne, aunganishe televisheni au kioo kingine. Yawezekana picha ikatokea huko, na hapo ataweza kuhifadhi kazi yake kwa raha. Kwenye Windows, kitufe cha Windows pamoja na herufi P hufungua orodha ya kuchagua kioo cha ndani, cha nje, au vyote viwili. Hutokea pia kwamba kompyuta iliachwa katika hali ya kutumia kioo cha nje peke yake, kisha waya ukachomolewa wakati imelala. Ikiamka hupeleka picha kwenye televisheni ambayo haipo. Hiyo si kasoro hata kidogo.

Tano, haya yote yakishindikana na taa ya Caps Lock ingali inaitika, ipo njia ya kufanya kazi gizani. Mwenye kompyuta abonyeze kitufe cha nafasi mara moja, aandike neno lake la siri taratibu, abonyeze Enter, angoje kama nusu dakika, kisha abonyeze Ctrl na S. Ikiwa programu aliyokuwa akiitumia ndiyo iliyo mbele na faili ilikwisha kupewa jina tangu mwanzo, kazi huhifadhiwa bila hata kuonekana. Hapo ndipo faida ya kuipa faili jina tangu mstari wa kwanza inapodhihirika.

Baada ya hayo ndipo kitufe cha umeme kishikwe kwa sekunde kumi au zaidi mpaka kompyuta izimike kabisa.

KIOO CHA NJE KINAPOKATAA

Kasoro ya kioo cha nje yataka uchunguzi wa hatua kwa hatua, kuanzia kilicho rahisi. Waya uchomolewe na kuchomekwa upya pande zote mbili. Televisheni ihakikishwe kuwa imewekwa kwenye tundu lile lile ulimochomekwa waya, kwa kuwa televisheni nyingi zina matundu mawili au matatu ya HDMI na kila moja lina namba yake. Kisha waya ujaribiwe na chombo kingine, kama vile kisimbuzi.

Waya wa HDMI una pini 19, na si zote hubeba picha. Mbili kati yake hutumika kusoma kitambulisho cha kioo, ambacho hueleza ukubwa wake na aina za picha kinazozikubali, na nyingine hutumika kuiarifu kompyuta kwamba kioo kimefika. Kitambulisho hicho huitwa EDID, nacho kimekuwapo tangu mwaka wa 1994. Waya uliokatika pini hizo waweza kuonekana mzima kabisa kwa nje, huku kompyuta haijui kwamba kuna mgeni mlangoni, au ikimpa picha ya ukubwa asioweza kuipokea. Kwa hiyo picha kubwa mno, ndogo mno, au inayokatika ukingoni, yaweza kutokana na waya kabla ya draiva.

Projekta za zamani hutumia tundu la VGA, lililoanzishwa na kampuni ya IBM mwaka wa 1987, ambalo hupokea ishara ya aina tofauti kabisa na ile ya HDMI. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hauwezi kuzipatanisha. Hutakiwa kifaa chenye saketi ya kugeuza ishara ndani yake. Wengi wamenunua waya huo wa bei nafuu sokoni na kuilaumu kompyuta.

Matundu madogo ya USB-C nayo hudanganya macho. Yote yanafanana, lakini si yote yanayotoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha faili tu. Lenye uwezo wa picha mara nyingi huwa na alama ya DisplayPort au ya radi pembeni, na kitabu cha kompyuta husema wazi. Hakuna draiva iwezayo kuleta picha katika tundu ambalo kiwandani halikuunganishwa na chipu ya picha.

Linabaki jambo moja lililowatesa watu wengi wenye kompyuta za chipu mbili. Katika nyingi kati ya hizo, kioo cha ndani kimefungwa kwenye chipu ndogo, lakini tundu la HDMI limefungwa kwenye chipu kubwa. Mtu akiamua kuizima chipu kubwa ili betri idumu, au draiva yake ikiharibika, tundu la HDMI nalo hufa siku hiyo hiyo. Kioo cha ndani huendelea vizuri, kwa hiyo yeye hulaumu waya, kisha televisheni, kisha tundu lenyewe. Dawa yake ni kuirudisha kazini draiva ya chipu kubwa, wala si kubadilisha tundu kwa moto wa risasi ya fundi.

DRAIVA MPYA AU YA ZAMANI

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Msemo huu wapasa kuandikwa juu ya kila kompyuta. Draiva mpya si lazima iwe bora kuliko ya zamani kwa kila chombo. Kompyuta iliyokuwa ikilala na kuamka vizuri kwa mwaka mzima, kisha ikaanza ukaidi siku moja, yapasa kuulizwa swali moja kabla ya mengine yote: nini kilibadilika juma hili? Mara nyingi jibu ni kwamba mfumo ulijisasisha wenyewe usiku.

Kwenye Windows, hutafutwa orodha iitwayo Device Manager, ndani yake sehemu ya Display adapters, na hapo majina ya chipu za picha huonekana. Mwenye kompyuta akifungua sifa za chipu husika na ukurasa wa draiva, ataona kitufe cha Roll Back Driver, ambacho humrudisha mkalimani wa zamani. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Hapo draiva itafutwe kwa mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, kwa jina na namba iliyo chini ya chombo, kabla ya kuitafuta kwa mtengenezaji wa chipu. Sababu ni kwamba mtengenezaji wa kompyuta ndiye anayejua jinsi matundu na vioo vya chombo chake vilivyounganishwa.

Kuna mtego mwingine. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, kompyuta nyingi zinapozimwa kwa njia ya kawaida hazizimiki kabisa. Sehemu ya mfumo, pamoja na draiva, huwekwa kwenye diski na kurudishwa kama ilivyo asubuhi, ili kuwaka kuwe kwa haraka. Kwa hiyo mtu aweza kuzima na kuwasha mara kumi, na draiva iliyovurugika ikarudi mara kumi ikiwa imevurugika vile vile. Anayetaka mfumo uanze upya kweli kweli achague Restart, wala si Shut down.

KWA WENYE LINUX

Watumiaji wa Linux wamekuwa na historia ndefu na chipu za NVIDIA. Mwezi Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, mhudhuriaji mmoja alimweleza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, juu ya matatizo ya kompyuta yake yenye utaratibu wa Optimus. Torvalds aliilaumu kampuni hiyo hadharani kwa maneno makali yasiyofaa kurudiwa katika ukurasa wa nyumbani. Miaka kumi baadaye, Mei 2022, kampuni ilitoa wazi maandishi ya sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini cha Linux. Hali imekuwa bora tangu wakati huo, lakini mambo matatu yangali yakisumbua.

La kwanza, draiva ya NVIDIA kwenye Linux kwa desturi haikuhifadhi kumbukumbu yote ya chipu wakati wa usingizi. Ipo swichi ya kuiamuru ifanye hivyo, nayo ni NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations, ambayo hupewa thamani ya 1, na pamoja nayo huduma za nvidia-suspend na nvidia-resume hupaswa kuwashwa. Vilivyohifadhiwa huwekwa katika saraka ya /tmp isipoamriwa vinginevyo, kwa hiyo nafasi ya kutosha lazima iwepo.

La pili, kiini cha Linux kinaposasishwa, draiva hupaswa kujengwa upya ili ilingane nacho. Ujenzi huo ukishindwa, vioo vya nje hupotea. Katika mifumo mingi, kama vile Ubuntu, mwenye kompyuta aweza kuchagua kiini cha zamani katika orodha ya mwanzo na kufanya kazi yake kwa amani mpaka kasoro irekebishwe.

La tatu, wengi huwasha kompyuta kwa neno la nomodeset ili kupata picha siku ya kwanza ya kuweka mfumo. Neno hilo ni mkongojo wa muda tu. Likiachwa pale, draiva halisi haipewi nafasi ya kushika kazi, na hapo usingizi mwema na kioo cha nje visitarajiwe.

Na kwa kila anayenakili amri alizopewa na watu, tukio la mwaka wa 2011 liwe fundisho. Programu iitwayo Bumblebee, iliyotungwa kuwasaidia wenye Optimus kwenye Linux, ilikuwa na mstari mmoja wa kufuta saraka ndogo ndani ya /usr. Katika mstari huo iliingia nafasi moja tupu isiyotakiwa, baada ya neno /usr. Kompyuta ikaelewa kwamba imeamriwa kufuta saraka nzima ya /usr, ambamo zimo karibu programu zote za mfumo, na baadhi ya watu wakapoteza mifumo yao. Nafasi moja tupu, isiyoonekana kwa macho ya haraka, ilitosha. Asiyeelewa amri na asiitekeleze, na anayeielewa ahifadhi kwanza nakala ya faili zake mahali pengine.

MKOBA WA SAFARI

Askari anayehamishwa kituo, au mama anayesafiri na watoto kwa basi, huwa na desturi ya kufunga kifuniko na kuitia kompyuta mkobani. Desturi hiyo ilikuwa salama zaidi zamani kuliko sasa. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni hazitumii tena ule usingizi wa kuzima karibu kila kitu. Hutumia usingizi mwepesi uitwao Modern Standby, ambamo mfumo husinzia tu na kuamka mara kwa mara kupokea barua na masasisho. Draiva ikikataa kutulia, kompyuta hukesha ndani ya mkoba uliofungwa, hupata joto kali, na safari inapoisha betri huwa tupu.

Amri ya powercfg /a, ikiandikwa katika dirisha la amri la Windows, huorodhesha aina za usingizi ambazo chombo kinazo. Kwenye Linux, faili ya /sys/power/mem_sleep huonyesha jambo hilo: neno s2idle ni usingizi mwepesi, na neno deep ni ule wa kawaida wa zamani. Yeyote asafiriye kwa muda mrefu asitegemee usingizi wa aina yoyote. Ama azime kabisa, ama achague usingizi mzito uitwao Hibernate, ambao huandika kazi zote kwenye diski na kukata umeme wote. Humo hakuna joto, na betri ikiisha hakuna kinachopotea.

DAFTARI NDOGO

Fundi mwema hafanyi mabadiliko mawili kwa wakati mmoja. Akibadilisha draiva na waya pamoja, na kasoro ikaondoka, hatajua kilichoiondoa. Ikirudi, ataanza upya. Yafaa kila nyumba iwe na daftari ndogo kando ya kompyuta, na humo iandikwe tarehe, kilichobadilishwa, na kilichotokea. Karatasi hiyo ikipelekwa kwa fundi pamoja na chombo, humwokolea saa nyingi na humwokolea mwenye chombo fedha. Tena huzuia udanganyifu, kwa kuwa ni vigumu kumuuzia kioo kipya mtu ambaye daftari lake laonyesha kwamba kioo cha zamani kilipata picha jana baada ya draiva kuanzishwa upya.

Kwa ufupi, mambo ya kukumbukwa ni haya:

1. Kazi ihifadhiwe kila mara kabla ya kifuniko kufungwa, hata ikiwa ni kwa dakika mbili.

2. Kioo kikiwa cheusi, Caps Lock na tochi vitangulie. Kitufe cha umeme kiwe cha mwisho.

3. Kioo cha nje kikikataa, uchunguzi uanze na waya na tundu, kisha chipu inayolihudumia tundu hilo, kisha draiva.

4. Kasoro iliyoanza baada ya sasisho irudishwe kwenye draiva ya zamani kabla ya kununua chochote.

5. Anayetaka kuanza upya achague Restart. Anayesafiri achague kuzima kabisa au Hibernate.

6. Badiliko moja kwa wakati mmoja, nalo liandikwe daftarini.

Yote hayo hayahitaji shahada ya uhandisi. Yahitaji tochi, daftari na subira, vitu ambavyo nyumba ya askari haikosi. Chombo kilichonunuliwa kwa mshahara wa miezi kadhaa hakistahili kuhukumiwa kabla ushahidi haujasikilizwa.